Filimbi Nyuma ya Ukuta

Kifua cha Wegesa kilianza kubana asubuhi, kazi ya kupura ulezi ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Wanawake walikuwa wamepiga magoti kuzunguka kiwanja kilichosiribwa kwa mavi ya ng'ombe, magongo yakipanda na kushuka. Kila gongo liliposhuka, vumbi la makapi liliinuka, jekundu na laini, likaingia puani kama ugoro. Wegesa alipiga kidogo, akajifanya anafunga kanga yake upya, akapiga tena. Aliijua hali yake. Huanza kama uzi uliofungwa kooni. Ukiuacha unakuwa kamba.

"Mke wa Hezekia kachoka tayari," alisema shangazi Efrazia bila kuinua kichwa. Huyu alikuwa dada wa mzee Wangwe, mwenye boma, na ulimi wake ulikuwa haupumziki hata msibani.

"Sijachoka, shangazi. Ni vumbi tu."

"Vumbi! Kwani sisi tunavuta nini, maziwa?" Wanawake wakacheka. Efrazia akaona amepata wasikilizaji, akaongeza: "Ng'ombe wetu tuliwatoa wazima, pembe na mikia. Tukaletewa kikohozi."

Wegesa akacheka pamoja nao, maana asingecheka wangemtazama. Siku anaolewa, mama yake alimwambia jambo moja wakiwa wawili tu: kifua chako usikitaje huko uendako. Mke mwenye kifua hurudishwa kwao, ng'ombe nao wakarudi kwa wenyewe, na mtoto hubaki kwa baba yake. Mtoto sasa alikuwepo. Gati alikuwa amekaa pembeni mwa kiwanja, anamlisha mbwa wa jirani makapi, na mbwa anakataa.

Wegesa alisema anakwenda kuchota maji. Alipofika nyuma ya ghala, mahali ambapo hakuna wa kumwona, aliinama akashika magoti, akaanza kuivuta pumzi kama mtu anayevuta ndama aliyegoma.

Ndipo aliposikia filimbi. Ilitoka juu, kwenye majabali yaliyo nyuma ya boma, na aliyekuwa akipuliza ni baba mkwe wake. Kila mwaka ulezi ulipoanza kupurwa, mzee Wangwe alichukua filimbi yake ya mwanzi na mbwa wake, akapanda majabalini hadi kazi iishe. Pale Nyansurura watu walisema mzee anakimbia kelele za wanawake. Wegesa hakuwa na hakika. Filimbi ile ilikuwa inakatika mahali ambapo mtu mzima wa afya hana sababu ya kukata. Inanyamaza. Halafu inarudi na sauti moja ya chini, ndefu, isiyo ya wimbo wowote, kama mtu anayemwaga maji polepole asiyataabishe. Wegesa alikijua kilichokuwa kikitokea pale iliponyamaza. Alikuwa nacho kifuani mwake.

Lakini angemwambia nani? Mzee mwenyewe hawezi kusema naye. Tangu aolewe hajawahi kumtazama usoni. Akimwona njiani hutoka njiani, na mzee naye hugeuka kutazama porini mpaka apite. Baba mkwe hakanyagi ndani ya nyumba ya mke wa mwanawe, wala kumwita kwa jina, wala kumpa kitu mkononi. Wakurya huita hiyo ensoni, aibu ya heshima, na mtu akiivunja hula hasara yeye na watoto wake. Wegesa alizijua nyayo za baba mkwe wake, na kikohozi chake, na filimbi. Uso hakuujua.

Na kumwuliza mumewe pia hakuweza. Hezekia angesema: "Umejuaje wewe?"

Akachota maji, akarudi kiwanjani akitabasamu.

Siku ya kupepeta ndiyo iliyomwangusha. Upepo ulikuwa mzuri, wanawake walisimama kwa mstari wakimwaga ulezi kutoka juu, nafaka ikianguka miguuni na makapi yakiruka kama moshi kuelekea nyuma ya nyumba yake. Wegesa alikuwa ameinua ungo wake. Alivuta pumzi ili amwage, na pumzi haikuingia. Ungo ukaanguka. Alisikia Efrazia akifoka, "Wewe, chakula hicho!" kisha akasikia sauti ile ile ikibadilika: "Jamani, midomo yake! Tazameni midomo yake!"

Walimbeba ndani, wakamlaza chali kwenye ngozi. Walijaa mlangoni, mwanga ukafa. Efrazia, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa kufanya jambo lolote kuliko kukaa bure, alitupa majani mabichi kwenye moto ili afukize pepo. Moshi ukajaa nyumba nzima.

Wegesa alitaka kusema hapana. Neno dogo kama hilo lilimshinda. Kifua kilikuwa kimejaa, hakitoi wala hakipokei, na kila alipovuta kulitoka mluzi mwembamba mbaya, kama wa mlango usio na mafuta. Aliona paa la nyasi. Aliona masizi yananing'inia. Aliwaza, nitakufa natazama masizi. Kisha akamsikia Gati nje anauliza, "Mama anapiga mluzi kwa nini?" na hofu ikamshika mwili mzima, na alivyozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kuvuta.

Hezekia alitoka mbio zizini alikokuwa anatengeneza ua, mikono imejaa matope. Alikuwa fundi wa mawe kule misheni, mtu wa maneno machache, na hayo machache yakamwishia pale pale.

"Mama Gati. Mama Gati, unanisikia?"

Alisikia. Hakuweza hata kuitikia kwa kichwa.

"Simioni!" Hezekia alimpigia kelele mdogo wake. "Chukua baiskeli yangu. Nenda zahanati ya misheni, mlete dresa. Mwambie kifua. Mwambie anakufa!"

"Mpaka Morotonga, mbali kote huko? Nitarudi jioni."

"Basi rudi jioni! Nenda!"

Wegesa alisikia magurudumu yakiondoka juu ya changarawe. Jioni. Jua lilikuwa bado la utosi.

"Nilisema mimi," Efrazia alikuwa akisema kwa jirani. "Tangu siku ya kwanza nilisema msichana huyu anapumua kama mbuzi wa mvua. Kwao walituficha."

"Efrazia, nyamaza," alisema Mokami.

Mokami alikuwa mama yake Hezekia, mke wa mzee Wangwe, mwanamke mrefu asiyependa kelele. Alikuwa amesimama karibu na kichwa cha Wegesa muda wote huo, mkono mdomoni, kama mtu anayeizuia midomo yake isifanye kosa. Sasa akautoa mkono.

"Hezekia. Mfuate baba yako majabalini."

"Baba? Baba atafanya nini na mwanamke mgonjwa?"

"Ana ugonjwa huu huu."

Efrazia aliyaacha majani yakamwanguka mkononi.

"Mokami!" Efrazia alisema kwa sauti ya chini. "Unamwaibisha kaka yangu mbele za watu."

"Nimelala naye tangu sijajua kukaanga, nitakosaje kujua? Mnadhani anapanda juu kule kwa ajili ya muziki? Anakwenda kupambana na pumzi yake mahali msipomwona. Filimbi ndiyo dawa yake. Alikatazwa na baba yake kusema, maana kijana wa kifua hapewi ng'ombe wa kuoa. Mimi nikakaa kimya. Leo sikai. Nenda, Hezekia!"

Hapo ndipo Hezekia alipofanya kosa ambalo watu wa pale walilisimulia miaka mingi, wengine wakicheka, wengine wakitikisa kichwa. Alimpata baba yake njiani, anateremka, maana mzee alikuwa ameziona vurugu toka juu. Hakumweleza lolote. Alimshika mkono, akamkokota uani, akapasua kundi la wanawake mlangoni, akamwingiza baba yake mzazi ndani ya nyumba ya mkewe, hadi kwenye ngozi alipolala.

"Msaidie, baba!"

"Mwanangu, niache," mzee alikuwa akisema. "Hezekia, niache, ensoni..."

"Ensoni itamla nani, mke wangu akifa?"

Wegesa aliona miguu. Aliijua miguu ile, na vidole vyake vilivyopasuka, na kengele ndogo ya chuma ya kifundo. Ilikuwa karibu na uso wake, na yeye amelala chali, kifua wazi, kanga imelegea. Hakufikiri. Mwili ulifanya kile ulichofundishwa kabla ya kufikiri: alivuta shuka akajifunika kichwa chote, akabana pumzi. Akaibana ile aliyokuwa nayo, kidogo ile, ili mzee asimsikie. Na ilipofungwa, ikafungwa kabisa. Hata mluzi ulikoma.

Wanawake walipiga yowe. Mtu alisema, "Amekwenda."

Mzee Wangwe alijitupia blanketi usoni, akageuka, akatoka nje akipapasa ukuta kama kipofu.

Chini ya shuka kulikuwa na giza la joto. Wegesa hakuwa na nguvu ya kulitoa shuka. Mokami ndiye aliyelitoa, akampiga mgongoni, akamwita kwa jina la utotoni alilolisikia kwa mama mzazi wa Wegesa. Kitu kikafunguka kidogo sana, kama tundu la sindano. Mluzi ukarudi. Hakuna aliyewahi kufurahia sauti mbaya kiasi kile.

Ndipo sauti ya mzee ikasikika nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ukuta wa udongo, karibu kabisa na kichwa cha Wegesa.

"Mjerumani! Njoo hapa."

Mjerumani lilikuwa jina la mbwa. Mzee alimpa kwa sababu alikuwa mwekundu na hapendi watu.

"Keti, Mjerumani. Nina maneno na wewe." Mzee alikuwa anahema. "Nani kakulaza chali, wewe mbwa? Ukilala chali utakufa. Keti. Inama mbele, weka mikono magotini."

Efrazia alifungua mdomo. Mokami alikuwa ameshaelewa. Alimwinua Wegesa kwa kwapa, akamkalisha, akamwinamisha.

"Na moshi huo, Mjerumani, ni wa mwanamke gani? Moshi unaua mbwa. Uzimwe. Na watu watoke mlangoni, mbwa wangu anataka hewa."

"Ananisema mimi," Efrazia alinong'ona.

"Basi zima," alisema Mokami. Efrazia akamwaga maji motoni, mwenyewe, akawasukuma majirani nje kwa makalio.

"Sasa sikiliza, Mjerumani. Tatizo lako unavuta tu. Unavuta, unavuta, ndani kumejaa, utaweka wapi? Toa kwanza. Usiogope, haitaisha. Kunja midomo kama unapoza uji. Nikipuliza, unatoa. Nikinyamaza, usivute. Iache iingie yenyewe. Pumzi si ndoo ya kisimani."

Filimbi ikalia. Ni ile sauti ya chini.

Wegesa alikunja midomo. Alitoa kidogo, akakatika, mwili ukaruka kuvuta. Filimbi haikumfokea. Ilinyamaza, ikaanza tena pale pale. Akatoa. Akakatika. Jasho lilimwagika machoni. Alikuwa anaogopa ule ukimya katikati ya sauti mbili kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote, kwa sababu katika ukimya ule alitakiwa asifanye neno, na kila kitu ndani yake kilipiga kelele kwamba usipovuta sasa hivi utakufa. Mokami aliuweka mkono wake mgongoni akausugua kufuata filimbi, juu hadi chini.

"Sikusikii, Mjerumani," mzee alisema. "Mimi macho yangu yamekatazwa. Nisipokusikia nitajuaje kama upo? Toa na sauti. Hata ya nyuki."

Akatoa na sauti. Ilikuwa mmm dogo, la kukwaruza, kama la mtoto mwenye homa. Lakini lilikuwa lake. Alipotoa na sauti aligundua kwamba pumzi haikimbii. Sauti inaishika mkia. Mmm. Ukimya. Kitu kikaingia chenyewe, kidogo, baridi. Mmm. Lilitoka kama wanavyofanya wanawake wa kwao wakisaga, kila wanaposukuma jiwe. Hakuukusudia wimbo wa kusagia, ulikuja tu.

"Vizuri, mbwa," alisema mzee. "Mbwa mzuri sana."

Hezekia alikuwa amechuchumaa mlangoni, matope yamemkaukia mikononi, analia bila sauti. Gati alikuwa amepanda magotini pake anasikiliza.

Midomo ya Wegesa ilikuwa inarudi rangi, Mokami aliiona. Filimbi ilikuwa inazidi kurefuka, na yeye anarefusha pumzi nayo. Hata Efrazia alikuwa ameketi chini, kichwa kinayumba.

Kisha filimbi ikapasuka.

Ilitoa mlio wa hewa tupu, ikanyamaza.

"Mzee kapumzika," Efrazia alisema. "Kazi kubwa amefanya."

Wegesa aligutuka. Alingoja ile sauti ya chini irudi, na haikurudi. Alichokisikia ng'ambo ya ukuta, kwa sababu sikio lake lilikuwa pale pale kwenye udongo, ni mluzi mwembamba, mbaya, wa mlango usio na mafuta. Akakumbuka upepo. Tangu asubuhi makapi yote yalikuwa yameruka nyuma ya nyumba yake. Mzee alikuwa amekaa juu ya makapi. Angeweza kukaa mlangoni, penye hewa safi, lakini mlangoni angemwona.

Alitaka kusema: mtoeni pale. Akafungua mdomo na kilichotoka hakikuwa neno. Alikuwa na pumzi ya mtu mmoja, tena mtu mdogo, na alikuwa ameipata kwa shida. Akiitumia kuita, itarudi? Hofu ilimwambia nyamaza, kaa na yako. Nje mluzi ulikatika, ukaanza, ukakatika.

Wegesa alikunja ngumi, akaupiga ukuta. Udongo ukadondoka. Akapiga tena, kwa mwendo wa jiwe la kusagia, akatoa mmm, kubwa kuliko yote, refu, akalifuata mpaka mwisho wake kabisa, mpaka tumbo likashikana na mgongo. Akanyamaza. Aliuacha ule ukimya wa kutisha uwepo, hakuvuta. Ikaingia. Akapiga tena.

"Anafanya nini?" Hezekia aliuliza. "Mama, ana nini?"

Wegesa akakusanya alichonacho. "Mjerumani!" Ilikuwa sauti ya ufa, lakini ilipita ukutani. "Toa! ... Toa kwanza!"

Mbwa, aliposikia jina lake, akabweka.

Mokami ndiye aliyeelewa, akaruka. "Hezekia! Baba yako! Nyuma, mbio, mtoe kwenye makapi!"

Wegesa alisikia miguu ikikimbia, na mtu akiburutwa, na Hezekia akiita baba, baba. Hakuacha. Ngumi ukutani, sauti, ukimya. Ngumi, sauti, ukimya. Wanawake waliokuwa uani walianza kuimba naye ule wimbo wa kusagia, kwanza mmoja, halafu wote, kwa mwendo wake yeye, wakitua anapotua. Efrazia aliimba kwa nguvu kuliko wote, na alikosea maneno.

Jua lilikuwa linashuka Simioni aliporudi, dresa Kornelio nyuma yake kwa baiskeli nyingine. Dresa hakuwa mtu wa mbwembwe. Alimchoma Wegesa sindano, akavuka ua, akamchoma na mzee, aliyekuwa ameegeshwa kwenye nguzo ya zizi, uso wa majivu, anatoa pumzi kwa midomo iliyokunjwa.

"Hii inaitwa pumu," alisema. "Filimbi haiwezi kuiondoa. Imewashika tu wasizame mpaka nifike, na bila hiyo ningekuta maiti mbili. Vidonge ndivyo hivi. Tumieni dawa, na filimbi pia mtumie. Na mtu mwenye pumu asisogee karibu na ulezi unaopurwa. Mlikuwa hamjui?"

Waliokuwa wakijua walitazama chini.

Dresa alipoondoka, Efrazia alikohoa kidogo. "Basi kuna lile jambo jingine. Kaka ameingia nyumba ya mkwe. Mbele yetu wote. Ensoni imevunjwa, lazima mbuzi atoke, la sivyo mtoto huyu..." Alimtazama Gati, akaacha.

Ndani ya nyumba Wegesa alikaa, mikono magotini, anasubiri. Sasa kifua kilikuwa wazi, lakini hofu ile ya kwanza ilikuwa imerudi mahali pake. Kila mtu ameona. Angerudishwa kwao kesho, na Gati abaki.

Sauti ya mzee ilitoka zizini, dhaifu, ya maneno machache kwa kila pumzi.

"Mjerumani. Mwambie dada yangu mbuzi nitatoa mimi. Mbuzi wa kutakasa. Na umwambie... ng'ombe waliotoka kwa ajili ya mkwe huyu hawajawahi kutosha. Asiwataje tena uani kwangu."

Efrazia alivuta kanga yake mabegani. "Nani kataja ng'ombe?" alisema. "Mimi nimetaja mbuzi."

Wegesa alicheka, pumzi ikakwama, ikapita. Akamwita mwanawe kwa mkono.

"Gati. Nenda kwa mbwa. Mwambie asante."

Gati alivuka ua. Alimshika Mjerumani sikio, akalifungua kama mfuko, akamwambia kwa sauti ambayo boma zima lilisikia. Mbwa alimlamba shavu akajikunyata. Kisha kule zizini, karibu na nguzo, filimbi ikatoa sauti moja ya chini, na ndani ya nyumba Wegesa akakunja midomo, akatoa nayo mpaka ikaisha.